Jinsi ya Kugeuza Hadithi ya Kale ya Mapangoni Kuwa Safari ya Mashujaa Panya

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mwendeshaji wa mchezo wa kuigiza wahusika, ule wa mezani ambao mmoja husimulia na wengine huamua matendo ya mashujaa wao kwa maneno na dadu, ambaye tayari ana hadithi ya kale iliyoandaliwa, ile yenye ngome, mapango, mazimwi na hazina, na sasa anataka kuichezesha na kundi lake hapa Moshi au Arusha huku mashujaa wakiwa panya wenye uzito wa gramu 20 hivi. Wengi wanaojaribu kazi hii hubadilisha majina tu: zimwi linaitwa paka, dhahabu inaitwa jibini, na shughuli inahesabiwa kuwa imekwisha. (Ni nani Kilimanjaro aliyewahi kuacha jibini wazi usiku? Panya wa huku anakula mahindi.) Wanachopata ni mchezo uleule wa watu, ila sasa watu hao wana mikia. Panya haogopi yale anayoyaogopa binadamu, na hadithi ya mapangoni imejengwa juu ya hofu kabla haijajengwa juu ya ramani. Kwa hiyo karibu kila hatua iliyo hapa chini inahusu kuondoa hofu ya mtu na kuweka hofu ya panya mahali pake.

Mfano nitakaoutumia ni The Keep on the Borderlands, kijitabu cha mwaka 1979 cha Gary Gygax, ambaye pamoja na Dave Arneson ndiye aliyetoa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Ndani yake kuna ngome moja iliyo mpakani na korongo lenye mapango mengi, kila pango na wenyewe, na muundo huo unapatikana katika hadithi nyingine nyingi za aina hii.

Hatua ya kwanza: Pima ramani upya

Ramani za zamani huchorwa kwa miraba, na kwa kawaida kila mraba husimama badala ya futi 10, yaani mita 3 hivi. Mwili wa panya mdogo, ukiacha mkia, una urefu wa sentimita 8 au 9, kwa hiyo kipimo cha moja kwa ishirini kinatosha: kila mita inakuwa sentimita 5, na kila mraba unakuwa sentimita 15. Ukiifanyia hesabu hiyo ramani yenye miraba 30 kila upande, utapata eneo la mita 4.5 kwa mita 4.5, ambalo ni sebule ya nyumba ya kawaida. Korongo zima la mapango linaenea kwenye ukingo mmoja wa mfongo, mfereji wa maji wa Wachagga.

Nimeutaja mfongo kwa makusudi, kwa sababu sijaona mahali pengine panapofaa kiasi hicho. Kwa karne nyingi Wachagga wamechimba mifongo kuyatoa maji kwenye vijito vya mlimani na kuyashusha hadi vihambani, yaani kwenye mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba zao, na maji hayo hugawanywa kwa zamu, kila ukoo au kila kihamba kikiwa na saa zake. Mfongo ambao zamu yake haijafika ni korongo kavu lenye kuta za udongo, mizizi ya migomba iliyochomoza, mashimo ya kaa na ya fuko, na majani makavu yaliyolala chini. Zamu ikifika, maji yanafunguliwa juu na korongo linageuka mto. Mwandishi wa zamani angelazimika kubuni uchawi ili kupata saa ya hatari ya namna hiyo. Wewe amua tu maji yatafunguliwa saa ngapi, uwaambie wachezaji mapema kupitia kwa panya mzee anayeijua ratiba, kisha usiibadilishe hata wakikuomba.

Ngome yenyewe inaweza kuwa ukuta wa mawe wa kihamba cha zamani, au dari la nyumba ambako ndizi na mahindi huhifadhiwa. Kundi la Arusha lina ngome iliyo tayari: Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1900, ambalo leo ni makumbusho ya viumbe, na panya anayeishi chini ya sakafu ya makumbusho ya viumbe ana mengi ya kusimulia kuhusu jamaa zake waliojazwa pamba.

Kabla ya kuchora, nenda mahali halisi ukiwa na futi ya fundi. Piga magoti. Angalia jinsi kisigino cha gumboti kilivyoacha shimo kwenye tope, jinsi ganda la ndizi lililooza lilivyotengeneza pango, na jinsi mstari wa chungu unavyopita juu ya jiwe moja tu na kuliacha la jirani. Dakika kumi za kuangalia hivyo zitakupa vyumba vingi kuliko jioni nzima ya kubuni mezani.

Jambo moja la kuangalia sana ni milango. Panya mdogo hupita kwenye tundu lenye upana wa penseli, kwa hiyo mlango uliofungwa kwa kufuli haumzuii hata kidogo ikiwa chini yake kuna mwanya. Kila mlango ulio kwenye ramani ya zamani uupe kizuizi kingine ambacho panya anakijali: saruji mbichi, waya wa wavu uliosukumwa ndani ya tundu, au mkojo wa nguchiro uliomwagwa mlangoni jana usiku.

Hatua ya pili: Badilisha mitego na mazingira

Katika hadithi yetu ya mfano, anayeingia pango la kwanza hukutana na shimo la futi 10 lililofunikwa. Kwa kipimo chetu hilo ni shimo la sentimita 15, na panya ataruka ndani, atajikung'uta, atapanda ukuta na kuendelea na safari yake. Hata ukilifanya refu mara kumi halitamwua. Kiumbe anapopungua ukubwa, uzito wake hupungua kwa kasi kubwa kuliko eneo la mwili wake, na hewa inayomzuia anapoanguka inakuwa na nguvu kubwa ikilinganishwa na uzito wake. Ndiyo maana panya akianguka kutoka juu ya paa huinuka na kukimbia, ilhali mtu aliyeanguka kutoka hapohapo hukimbizwa hospitali. Futa kabisa madhara ya kuanguka. Wachezaji watafurahi, watarukaruka kila mahali, na hilo ni jema, kwa sababu sheria hiyohiyo itawaadhibu kwenye maji.

Panya aliyelowa hubeba maji yanayokaribia uzito wake mwenyewe, na mwili mdogo hupoteza joto haraka. Kwa hiyo umande wa alfajiri uhesabiwe kama hatari, tone la mvua ya masika liwe pigo, na shimo la pango la kwanza ligeuzwe ndoo: ule mtego wa kienyeji wenye gunzi la hindi lililochomekwa kwenye waya juu ya ndoo ya maji, ambalo huzunguka pindi panya anapolikanyaga. Anayetumbukia hafi papo hapo. Anaogelea, ukuta wa plastiki unateleza, na wenzake wana zamu chache tu za kutafuta uzi, mrija au jani la mgomba la kumshushia. Tukio hilo huzaa mashauriano mengi kuliko shimo lolote lenye miiba.

Mitego mingine ya kale ina wenzao walio tayari sokoni. Uteute unaomeza wasafiri ni gundi ya panya iliyopakwa kwenye kipande cha boksi, na anayenasa hawezi kujinasua bila kuacha manyoya. Mshale unaofyatuka ukutani ni mtego wa chuma, na hapo kumbuka methali kwamba mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo: weka mjusi au ndege mdogo aliyenaswa kabla ya mashujaa kufika, awe na habari za kuwapa ikiwa watamwokoa. Sumu ndiyo inayonivutia zaidi. Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu kuganda na huua baada ya siku kadhaa, kwa hiyo panya anayekula hahisi chochote na hawezi kuihusisha na chakula kilichomdhuru. Andika kwa siri nani amekula nini, usimwambie, na urushe dadu zake siku ya tatu ya mchezo. Ili usilaumiwe kwamba umewaonea, tanguliza ishara: sauti ya mchuuzi apitaye mtaani na kipaza sauti, "Dawa ya panya! Dawa ya mende, kunguni, viroboto!", ikisikika kwa mbali mwanzoni mwa kipindi, nao panya wazee wakikatiza mazungumzo.

Kuhusu mwanga, geuza kila kitu. Binadamu huogopa giza na hubeba mienge. Panya hutembea gizani kwa sharubu na pua bila wasiwasi, na anachoogopa ni uwazi. Maelezo ya kila chumba yaanze na harufu, kisha kinachoguswa na sharubu, na kinachoonekana kije mwisho kama kipo. Chumba chenye mwanga wa mbalamwezi kihesabiwe kuwa chumba chenye hatari hata kama ni kitupu.

Hatua ya tatu: Wape mapango wenyeji wapya

Anza kwa kuuliza kila mnyama mkali wa hadithi ya zamani anafanya kazi gani, kisha umtafute mnyama wa huku afanyaye kazi hiyo. Katika kijitabu cha 1979 vibwengo wakizidiwa humrushia zimwi jirani yao mfuko wa vipande 250 vya dhahabu kupitia mlango wa siri, naye huja kuwapigania. Uhusiano huo wa kukodishana ndio unaofanya pango liwe hai, kwa hiyo usiupoteze. Vibwengo wawe panya weusi wa darini, wakubwa kuliko mashujaa na wenye dharau. Zimwi awe panya buku, ambaye ana uzito wa zaidi ya kilo moja, yaani mara hamsini ya shujaa wako, na ambaye ana vifuko mashavuni vya kubebea akiba yake; malipo yake yawe mahindi, na mashujaa waone mashavu yakijaa punje moja baada ya nyingine wakati wanafikiri kama wana cha kuongeza dau.

Buku huyo usimfanye mjinga. Watanzania wanafahamu kwamba panya buku wanaofundishwa Morogoro hunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu, na mmoja wao, Magawa, alipewa medali ya dhahabu ya ushujaa na shirika la hisani la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Katika kundi lolote kutakuwa na mchezaji mmoja anayelijua jina hilo, na buku wako akidai kuwa binamu yake, meza itacheka na kumwamini.

Jitu lenye kichwa cha fahali, ambalo hulinda njia zinazozungukana, ni fuko: huishi peke yake, huchimba kwa meno ya mbele, na humfukuza yeyote anayeingia kwenye njia zake. Makundi ya askari wasioweza kushawishiwa ni siafu, na ni vyema siafu wasipigwe kabisa. Mashujaa waweze tu kuwakwepa, au kuwaelekeza kwa mtu mwingine, jambo ambalo wachezaji wajanja watalifikiria mapema kuliko unavyotaka. Makaburi yenye mifupa inayotembea yabadilishe yawe mahali chini ya bundi anapolala. Bundi humeza panya mzima na baadaye hutapika kidonge cha manyoya na mifupa, kwa hiyo sakafu ya hapo imejaa vidonge vya kijivu, na ukipasua kimoja utakuta fuvu dogo lenye meno ya njano yaliyokamilika. Hakuna haja ya mifupa hiyo kuinuka.

Kuhani mwovu ndiye niliyemwazia sana. Kuna kimelea kiitwacho Toxoplasma ambacho huzaliana ndani ya paka, na panya aliyeambukizwa hupoteza woga wake wa harufu ya paka. Tengeneza kundi la panya wapole, wenye maneno matamu, wanaowaambia wenzao kwamba paka hana ubaya na wanaowaalika waende wakamsalimie. Usitaje kimelea. Waache wachezaji wajadili kama hao ni wagonjwa, ni wasaliti au ni waumini, na anayekula chakula chao arushe dadu.

Joka la mwisho ni paka mwenyewe, na hapa tumia akili ya masikio. Panya huzungumza kwa sauti nyembamba ambazo binadamu hawezi kuzisikia, na bundi pia hazisikii, lakini paka anazisikia vizuri sana. Maana yake ni kwamba mbinu ya kunong'onezana iliyowaokoa kwa bundi ndiyo itakayowaangamiza kwa paka. Usiwaeleze, waonyeshe sikio moja la paka likigeuka wakati mmoja wao anatoa maelekezo.

Hatua ya nne: Tengeneza mashujaa

Panya wengi hawachimbi shimo, kwa hiyo wachezaji watatu au wanne wanatosha. Kila mmoja awe na alama tatu, Nguvu, Wepesi na Moyo, kila alama ipatikane kwa kurusha dadu tatu na kujumlisha. Akitaka kufanya jambo gumu, arushe tena dadu tatu: jumla ikilingana na alama yake au ikiwa chini, amefaulu. Kwa njia hii dadu za kawaida za ludo zinatosha na hakuna anayehitaji kuagiza dadu za nyuso 20 kutoka nje.

Badala ya shujaa, mwizi na mchawi, tumia aina za panya wenyewe, maana tabia zao zinatosha. Panya shamba huzaa watoto wengi na ana jamaa kila mahali, kwa hiyo mara moja kwa kila safari anaweza kudai kwamba anayekutana naye ni ndugu. Panya milia, mwenye mistari mgongoni, hutembea mchana na haogopi uwazi kama wenzake. Panya wa miiba akikamatwa huachia kipande cha ngozi yake na kukimbia, na ngozi hiyo huota tena. Mpe uwezo huo na umtoze alama za Nguvu. Kwa mchezaji anayetaka uchawi, yupo panya wa kishungi wa Afrika Mashariki ambaye hutafuna gome la mti uleule unaotoa sumu ya mishale ya wawindaji, kisha hujipaka mate hayo kwenye manyoya ya ubavuni, na mbwa anayemng'ata hujuta. Yeye ni mkubwa kuliko wengine, kwa hiyo mnyime uwezo wa kupita kwenye matundu madogo.

Silaha na vifaa ni sindano, pini, kizibo cha soda, njiti ya kiberiti, uzi wa fundi cherehani. Mzigo usiuhesabu kwa kilo. Panya hubeba kimoja mdomoni, na kingine mgongoni ikiwa amefungwa uzi, na akiwa na kitu mdomoni hawezi kung'ata wala kusema. Mchezaji wake naye anyamaze mezani mpaka atakapokitua.

Hatua ya tano: Hesabu njaa na hazina

Katika mchezo wa kale mwenge mmoja huwaka zamu sita za dakika kumi, yaani saa moja, na ndio unaowaharakisha wasafiri. Panya wetu hawahitaji mwenge, lakini hula gramu 3 hadi 4 kwa siku, sawa na punje kumi au zaidi kidogo za mahindi, na kwa kuwa huhangaika usiku kwa muda wa saa kumi hivi, hesabu inatoka sawasawa: punje moja kwa saa. Kila mahali palipoandikwa mwenge, andika punje. Anayekosa apoteze alama moja ya Nguvu, na usiku wa baridi ya Juni au Julai apoteze mbili.

Dhahabu igeuzwe shanga. Mtaani Arusha shanga za kina mama wanaotengeneza mapambo ya Kimaasai hudondoka kila siku, zina tundu la kupitisha uzi, na rangi zake zinaweza kuwa na thamani tofauti. Hazina kubwa iwe nzito kuliko uwezo wa mmoja: sarafu ya shilingi 500, buni za kahawa zilizoibwa ghalani, au kipande cha tanzanaiti kutoka Mererani kilichomponyoka dalali, ambacho panya hawajui kazi yake ila wote wanakitaka.

Hatua ya sita: Panga salamu kabla ya vita

Sheria za zamani huagiza kurusha dadu mbili pindi pande mbili zinapokutana, ambapo 2 ni shambulio la papo hapo na 12 ni urafiki. Waendeshaji wengi hupuuza sheria hii, nayo ndiyo inayofaa zaidi kwa mashujaa wasioweza kushinda vita vingi. Ongeza moja kwa kundi lililoamkia kwanza, na punguza moja kwa lililokaa kimya mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, Meku."

"Marahaba. Mmeniletea nini?"

Hapo mazungumzo na buku, aliyeitwa Meku, yaani mzee kwa Kichagga, yameshaanza, na hakuna aliyegusa sindano. Kwa ugomvi uliokwisha kuwa mkubwa, tumia jani la isale. Mchagga anayepelekewa jani hilo kuombwa msamaha hategemewi kulikataa, na kwa kuwa masale hupandwa mipakani mwa vihamba, jani liko karibu na mfongo wako. Kwa panya, jani zima ni refu mara kadhaa kuliko mwili; kulikata, kuliburuta hadi mlangoni kwa adui na kulifikisha kabla maji hayajafunguliwa ni safari inayotosha kipindi kizima.

Hatua ya saba: Andaa meza

Chora ukingo wa mfongo kwenye karatasi moja kwa ubavu, kama ukuta unaoutazama, badala ya kuuchora kutoka juu. Panya hupanda na kushuka kuliko wanavyokwenda mbele. Tumia vizibo vya soda kwa mashujaa na weka chupa yenyewe mahali pa paka, ili tofauti ya ukubwa ionekane bila maelezo. Kwa kipindi cha saa tatu andaa mapango manne tu: la panya weusi, la buku, njia za fuko, na mahali pa bundi. Paka na wapole wake waache kwa kipindi cha pili. Weka punje halisi za mahindi mbele ya kila mchezaji, kumi kila mmoja, na kila saa ya mchezo ikipita chukua moja mwenyewe kwa mkono wako. Maji yafunguliwe saa kumi na moja alfajiri, na panya ambaye bado yuko chini ya mfongo wakati huo arushe dadu za Wepesi mara moja tu.